Injini Iliyolala Haiamshwi kwa Pupa

(Mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni)

 Najua ukisikia kwamba leo tunazungumzia injini za boti utauliza: Songea na boti wapi na wapi? Mji wetu uko juu vilimani. Hata mto Ruvuma, ambao huko chini ni mpaka wa nchi, pale unapoanzia katika milima ya Matogoro ni kijito tu.

Lakini tusisahau kwamba mkoa huu una ziwa. Ukitoka Songea ukapita Mbinga, ukateremka hadi Mbamba Bay, unakutana na Ziwa Nyasa, na barabara yenyewe siku hizi ni ya lami. Wapo watu wengi hapa mjini, watumishi na wafanyabiashara, ambao kwao ni Liuli, Lituhi au Mbamba Bay. Mtu wa namna hiyo akipata fedha kidogo humnunulia ndugu yake injini ya boti, apate kuvua usipa au kubeba abiria na mizigo. Siku injini ikigoma, hupakiwa kwenye gari ikaletwa mjini ili ipate fundi. Inapofika mjini inakuta karo za shule, inakuta msiba, inakuta paa linalovuja. Inawekwa stoo, nyuma ya magunia ya mahindi. Mwaka unakwisha, wa pili unakwisha, wa tano nao unapita.

Kisha siku moja mwenye mali anapiga hesabu. Injini mpya ni mamilioni ya shilingi, naye anayo moja inalala bure. Anaitoa nje, anaifuta vumbi, anatia petroli, anamwita kijana mwenye misuli na kumwambia: "Hebu vuta kamba." Kijana anavuta mara ishirini, anavuta mara arobaini. Ama injini haiwaki, ama inawaka kwa kelele kubwa, watu wanapiga makofi, na baada ya dakika chache inanyamaza. Safari hii imenyamaza kabisa.

Ndugu msikilizaji, nia yangu leo ni kueleza kwa nini mambo huwa hivyo. Injini haifi kwa sababu ya kupumzika. Huuawa na vile vitu tulivyoviacha ndani yake siku ya kuilaza, na huuawa zaidi na pupa yetu siku ya kuiamsha.

Tuanze na ushahidi wa kihistoria, tena wa hapa hapa nchini. Meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika iliundwa Ujerumani mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande na kuletwa Kigoma ndani ya masanduku. Mwaka 1916, Wajerumani walipoona wanazidiwa katika Vita Kuu ya Kwanza, waliamua kuizamisha wenyewe ili isiangukie mikononi mwa adui. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi wake waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza waliiibua mwaka 1924, miaka minane baadaye, na mitambo ikakutwa bado inafaa. Mwaka 1927 ilirudi majini kwa jina la Liemba na kuendelea kubeba watu kwa miongo mingi.

Miaka mingi chini ya maji haikuiua mitambo ile, kwa kuwa kuna mtu aliyeilaza vizuri. Injini yako imekaa miaka mitano tu, tena chini ya paa, nayo inaweza kuwa imeharibika zaidi ya ile, kwa sababu hakuna aliyeilaza. Ilitupwa tu.

Sasa tuangalie ndani. Injini nyingi za zamani za boti ziko katika ukoo wa mapigo mawili, zile ambazo petroli huchanganywa na oili. Ukoo huo ni mpana. Kuna chenso za kupasulia mbao, kuna vespa za zamani, na kuna hata zile pikipiki za majini za kusimama, Jet Ski, ambazo Kawasaki ya Japani ilianza kuziuza mwaka 1973 na ambazo wenzetu wa pwani huziona kwenye fukwe za watalii. Ukijua kuifufua moja, umejua sehemu kubwa ya kuzifufua nyingine.

Tabia ya ukoo huu ni kwamba hauna bwawa la oili chini ya injini kama lililomo kwenye gari. Kila tone la oili linalolainisha kranki, beringi, pistoni na silinda huja pamoja na petroli. Petroli isipofika, oili haifiki. Na petroli ikifika pungufu, oili nayo hupungua huku joto likipanda. Shika jambo hilo moja, maana shida nyingi nitakazozitaja zinatokana nalo.

Petroli haikai milele. Sehemu zake nyepesi huruka na upepo, na kinachobaki hugeuka kuwa kitu kizito chenye harufu kali kama ya vanishi. Ndani ya kabureta kuna vitundu vyembamba vya shaba ambavyo petroli hupimwa humo. Utomvu ule ukiganda, vitundu huziba. Vikiziba vyote injini haiwaki, na hiyo ni bahati njema. Balaa ni pale vinapoziba nusu. Injini itawaka, itanguruma vizuri, kumbe inakunywa hewa nyingi na petroli kidogo. Pistoni inachemka, inatanuka, inaukwangua ukuta wa silinda, na huenda ikatoboka. Basi ile injini iliyowaka na kushangiliwa na mtaa mzima imekufa kwa kiu.

Ukiacha petroli kuna maji. Injini ya boti hupozwa kwa maji ya ziwa yanayovutwa na pampu ndogo yenye gurudumu la mpira. Mapezi ya mpira huo, yakikaa miaka yamekunjwa upande mmoja, hukakamaa na hayanyooki tena. Aidha, unyevu uliomo hewani huingia ndani ya silinda na kuleta kutu, hasa katika mji kama wetu unaopata mvua miezi mingi ya mwaka. Mashine zilizotumika Ziwa Nyasa zina nafuu kwa kuwa maji yake ni baridi, hayana chumvi ya bahari. Lakini ukinunua injini iliyokwisha kutumika Mtwara au Dar es Salaam, elewa kwamba umenunua na chumvi yake, na njia zake za maji zikaguliwe kwa makini zaidi.

Na kwa sababu ya yale magunia ya mahindi, mtazame pia panya. Panya hutafuna nyaya na mipira ya mafuta. Kabla ya kumtuhumu fundi wa zamani, chunguza kama hakuna kiota chini ya kifuniko.

Baada ya kuelewa hayo, tuje kwenye kazi yenyewe. Kanuni ya kwanza: usivute kamba. Fungua plagi zote na umulike ndani kwa tochi. Kama unaona kutu au maji, umejua la kufanya. Hata kama huoni kitu, mimina oili kidogo ya injini hiyo ndani ya kila silinda kupitia tundu la plagi, uiache ilale usiku mzima. Kesho yake zungusha gurudumu la juu kwa mkono, taratibu, plagi zikiwa zimetolewa. Likizunguka, mshukuru Mungu. Likigoma, ongeza oili na usubiri siku nyingine mbili tatu. Usitie mtaimbo wala nyundo. Ringi zilizoshikwa na kutu hukatika kama biskuti, na kipande cha ringi kinatosha kuiharibu silinda nzima.

Injini ikizunguka, pima mgandamizo. Mafundi wenye kipimo watakusomea namba. Kwa injini ndogo nyingi za namna hii, paundi 100 kwa kila inchi ya mraba na kuendelea ni dalili ya uzima, na silinda zisitofautiane sana. Moja ikisoma 120 na mwenzake 70, acha kununua spea nyingine yoyote kwanza. Tatizo liko ndani, na huenda gharama yake ikakushinda. Ni vizuri kujua hilo leo kuliko kulijua baada ya kununua kabureta mpya.

Linalofuata ni cheche. Chomeka plagi kwenye waya wake, igusishe chuma cha injini mahali pasafi, mbali na tundu la silinda na mbali na petroli, kisha zungusha. Usiishike kwa mkono mtupu. Usipoona cheche, usikimbilie kununua vifaa vya umeme. Angalia kwanza ile kamba ndogo ya usalama ambayo nahodha huifunga mkononi. Katika injini zilizofungwa swichi hiyo, kidude chake kikiwa hakipo mahali pake, cheche haitoki kabisa. Ndivyo ilivyotengenezwa, ili nahodha akitumbukia majini injini izimike. Kidude hicho kikipotea kwenye magunia, unaweza kuhangaika wiki nzima na injini nzima.

Kisha njoo kwenye mafuta. Mwaga petroli yote ya zamani, mbali na moto, mbali na kisima, wala si mtaroni. Safisha tangi. Mipira ya mafuta iliyopasuka au kukakamaa ibadilishwe yote, na ngozi nyembamba iliyomo ndani ya pampu ya mafuta nayo ibadilishwe, kwani hukauka. Kabureta ifunguliwe kabisa, ioshwe kwa dawa yake na kupulizwa kwa hewa. Nakuomba fundi wangu usizibue vile vitundu kwa waya wa chuma. Shaba ni laini, na tundu likipanuka hata kidogo kipimo kimeharibika.

Mchanganyiko wa oili ufuate kitabu cha injini. Nyingi zinataka sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili, yaani dumu la lita 20 linapata mililita 400. Kwa tangi la kwanza baada ya usingizi mrefu, mafundi wengi huongeza oili hadi mara mbili ya hapo. Moshi utakuwa mwingi, usihofu. Nunua oili yenye alama ya TC-W3, ambayo imekusudiwa injini zinazopozwa kwa maji. Ile ya chenso ni ya injini zinazopozwa kwa hewa, na kazi zake ni tofauti.

Usisahau chini, kwenye gia. Fungua skrubu ya chini uone oili inayotoka. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, na sili zibadilishwe. Ondoa propela utazame mhimili wake. Mara nyingi utakuta uzi wa nyavu umejiviringisha pale, umeikata sili kimya kimya. Kwa wenzetu wa ziwani ugonjwa huo ni wa kila siku. Oili mpya ya gia ijazwe kwa kusukumwa kutoka tundu la chini mpaka itokee tundu la juu, ili hewa isibaki ndani. Na pampu ya maji, hata kama mpira wake unaonekana mzima, weka mpya. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na injini.

Sasa ndiyo tuwashe. Usiwashe pakavu hata kwa sekunde chache "ili tusikie tu", kwa sababu mpira wa pampu ukizunguka bila maji huungua. Tafuta pipa, lijaze maji mpaka yapite kile kibao cha chuma kilicho juu ya propela. Propela yenyewe iwe imetolewa, gia iwe huru, na pipa liwe nje, si ndani ya stoo, kwani moshi wake unaua. Ikiwaka, jicho lako liende kwenye ule mkojo wa maji unaotoka ubavuni. Usipotoka, zima mara moja. Ukitoka, iache ingurume polepole dakika chache, izime, ipoe, ikague, urudie.

Hapo sikiliza jambo moja. Ukiachia mafuta kabisa na injini badala ya kutulia inapandisha mbio yenyewe, izime. Inaelekea hewa inaingia mahali isipotakiwa, pengine kwenye sili za kranki zilizokauka. Hiyo ni ile kiu niliyoitaja, imekuja kwa mlango mwingine.

Ndugu msikilizaji, huenda unasema mambo haya ni marefu kwa injini moja ya zamani. Lakini fikiri injini hii inakwenda wapi. Ziwa Nyasa lina kina cha mita zipatazo 700 mahali pake pa chini kabisa. Kati ya mwezi Mei na Agosti upepo wa kusini, ambao watu wa ziwa huuita mwera, huweza kuinua mawimbi ndani ya muda mfupi. Gari likizimika njiani kati ya Songea na Mbinga, utashuka ukae chini ya mti. Boti ikizimika katikati ya ziwa inageuka ubavu kwenye mawimbi, na aliyemo ndani ni yule ndugu yako uliyetaka kumsaidia, pamoja na mama aliyepakia dagaa zake na mtoto mgongoni.

Kwa hiyo injini iliyofufuka isipelekwe kazini siku hiyo hiyo. Ifanye kazi siku kadhaa karibu na ufuko, bila abiria, kukiwa na makasia, nanga na maboya ya kuokolea watu. Siku ya kubeba abiria, masharti ya usalama ya TASAC, shirika linalosimamia usafiri wa majini, yatimizwe, yasionekane kama usumbufu wa karatasi. Injini ikikataa, mgandamizo ukiwa umekwisha na beringi zinanguruma, kubali. Iuze kwa spea, na umwambie mnunuzi ukweli. Kumpakia mwenzako rangi mpya juu ya injini mbovu si biashara. Ni kumchimbia kaburi majini.

La mwisho ndilo nililotaka ulishike kuliko yote. Siku utakayoipumzisha injini, itendee kama mafundi wale walivyoitendea Liemba. Ikiwa bado kwenye maji na inanguruma, chomoa mpira wa mafuta ili ile petroli iliyomo ndani ya kabureta iishe yenyewe. Tia oili ndani ya silinda, zungusha mara chache, rudisha plagi. Badilisha oili ya gia. Isimamishe wima ili maji yote yatoke. Paka grisi panapohitaji. Ifunike kwa kitambaa kinachopitisha hewa, usiifunge ndani ya nailoni inayotunza jasho. Kisha andika kwenye karatasi tarehe uliyoilaza na ugonjwa iliokuwa nao, uifunge pale kwenye mpini. Kazi hiyo ni ya asubuhi moja, na karatasi ile itamwokolea fundi wa kesho siku tatu za kubahatisha.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo jioni, ukirudi nyumbani, sogeza yale magunia ya mahindi uitazame. Usiguse kamba. Fungua plagi kwanza.

Kwa leo tuishie hapo. Tukijaliwa, tukutane tena juma lijalo.